Chakula Baada ya Kisu

Siku ya tatu baada ya kupasuliwa, muuguzi wa zamu ya asubuhi alisimama miguuni pa kitanda changu, faili mkononi, akaniuliza kwa sauti iliyofika hadi kitanda cha mwisho wodini: "Umeshajamba?"

Nilitazama dari. Mzee wa kitanda cha jirani akanijibia: "Bado huyo. Nimekesha naye usiku kucha, bado."

Anayecheka hapo hajawahi kufunguliwa tumbo. Kidole tumbo changu kilikuwa kimepasuka kabla sijafika hospitali, na usaha ulikuwa umeshatambaa humo ndani. Kwa hiyo sikupata yale matundu matatu madogo ya upasuaji wa kamera wanayojivunia watu. Nilipata mkato wa wima katikati ya tumbo, mrija puani na dripu mkononi. Na utumbo ukishikwashikwa na mikono ya watu hugoma. Hunyamaza kabisa, haupokei kitu wala hausukumi kitu. Utumbo mwembamba ndio huamka mapema, mara nyingi ndani ya siku moja. Mfuko wa chakula hufuata baada ya siku 1 au 2. Utumbo mpana ndio mvivu kuliko wote, siku 2 hadi 3 kwa kawaida, na zaidi ya hapo kama tumbo lilichafuka kama langu. Ushuzi ni taarifa kwamba huyo wa mwisho naye amerudi kazini.

Kwa miongo mingi madaktari walishika kanuni hiyo bila kuilegeza: hakuna kitu mdomoni mpaka hewa itoke. Katika miaka ya 1990 daktari wa upasuaji wa Denmark, Henrik Kehlet, alianza kuuliza ni kipi hasa kinachomweka mgonjwa kitandani siku zote hizo. Wagonjwa waliokatwa kipande cha utumbo mpana aliwapa chakula mapema, akawainua watembee, akapunguza dawa za jamii ya mofini, na wengi wao wakaenda nyumbani baada ya siku 2 au 3. Leo hospitali nyingi duniani zinafuata utaratibu wa namna hiyo kwa upasuaji uliopangwa. Wangu haukupangwa, na nilikuwa bado natapika maji ya kijani, hivyo simlaumu aliyeninyima. Kuna hata waliojaribu kuwapa wagonjwa chingamu: ukitafuna, ubongo hudhani chakula kiko njiani na kuuamsha utumbo kupitia neva. Matokeo ya majaribio hayo hayajakubaliana, lakini siku ile mimi ningetafuna hata shuka.

Hewa ilitoka saa tisa usiku. Mzee akasema gizani, "Hongera, mwanangu." Sikumbuki kupongezwa kwa dhati kiasi kile hata nilipofaulu mitihani.

Asubuhi wakaniletea uji mwepesi. Nilikuwa nimeuota kwa siku tatu. Nilimeza vijiko sita, cha saba kikagoma kooni, nikarudisha bakuli.

Nilidhani tatizo lilikuwa uji. Nilidhani nikifika nyumbani, nikakaa mezani kama mtu, njaa itarudi yenyewe. Hapo ndipo nilipokosea, na ndiyo sababu ya kuandika haya yote. Baada ya upasuaji mkubwa njaa ni mjumbe asiyeaminika. Mwili unahitaji chakula kuliko wakati mwingine wowote, na palepale unakuambia umeshiba.

Nyumbani walikuja watu. Kila aliyeingia alileta pole, na baada ya pole alileta miiko. Mmoja alikataza mayai, eti yanatunga usaha. Mwingine alikataza samaki. Wa tatu akasema nyama nyekundu niisahau mpaka mshono ukauke. Wa nne, mtu msomi kabisa, aliniambia maziwa yanatengeneza makohozi, na kukohoa kutafumua nyuzi. Dada yangu alikuwa amekuja kunihudumia, akayaandika yote kwenye karatasi na kuibandika jikoni. Ukiiunganisha ile orodha, mtu aliyetoka kupasuliwa aliruhusiwa maji ya moto na subira. Sikubishana. Nilikuwa sina njaa, na miiko ilinipa udhuru mzuri wa kutokula.

Siku moja tu nilijasiria, na nilijasiria vibaya. Ilikuwa siku ya tano tangu nitoke wodini, jamaa mmoja akaleta nyama ya kukaanga. Harufu ile ikanidanganya, nikala sahani nzima kama wakati wa afya, na maji bilauri mbili juu yake. Baada ya nusu saa nilikuwa nimeinama juu ya ndoo, Dada amenishikia mto tumboni huku akisoma dua. (Mto huo ni hila niliyofundishwa na muuguzi: ukitaka kukohoa, kucheka au kutapika, ukumbatie kwa nguvu juu ya mshono. Maumivu hupungua nusu.) Nilitapika mara moja, tumbo likatulia, hewa ikaendelea kutoka. Kama ningetapika na kurudia, tumbo likavimba na kukakamaa, na hewa ikakata, hapo si suala la kubadilisha chakula tena, ni la kurudi hospitali usiku huohuo.

Basi nikarudi kwenye vimiminika kwa hofu, nikajiita mgonjwa mwenye nidhamu.

Siku ya 14 nilirudi kliniki. Mizani ikasema kilo 62. Siku naugua nilikuwa 68. Daktari akatazama mshono, akabonyeza upande wa chini ambapo palikuwa pametoa majimaji kidogo, akaniandikia nimwone mtaalamu wa lishe. Nilikwenda na karatasi ya miiko mfukoni, nikitarajia ataongeza yake.

Hakuuliza habari za miiko. Alisema, "Hebu niambie jana ulikula nini, tangu ulipoamka."

Nikataja kwa fahari. Uji mwepesi kikombe asubuhi, mwingine jioni. Vipande viwili vya mkate. Supu, lakini iliyochujwa. Maji ya matunda. Ndizi mbivu moja. Alikuwa anaandika namba pembeni ya kila kitu, kisha akajumlisha na kunigeuzia karatasi.

"Gramu 15 za protini," akasema. "Mtu wa uzito wako aliyetoka kupasuliwa anahitaji 75 kwa uchache. Mimi ningependa ufike 90."

Hesabu yake ni rahisi na unaweza kuifanya mwenyewe. Mtu mzima mwenye afya huambiwa gramu 0.8 hivi za protini kwa kila kilo ya uzito kwa siku. Baada ya upasuaji mkubwa wataalamu hupandisha hadi 1.2 au 1.5, wakati mwingine zaidi. Zidisha kwa 62. (Mwenye figo zilizochoka asiiguse hesabu hii bila daktari wake, kwake protini nyingi ni mzigo.) Mimi nilikuwa nakula moja ya tano ya kiwango cha chini kabisa, halafu nashangaa kwa nini nikipanda ngazi nne miguu inatetemeka.

Akanieleza kilichokuwa kinatokea mapajani mwangu. Mwili una ghala la mafuta, ila ghala la protini hauna. Ukizihitaji kwa haraka ili kuziba jeraha na kutengeneza chembe za kupigana na vijidudu, huenda kubomoa misuli. Jambo hili lilipimwa miaka ya mwanzo ya 1930 huko Glasgow na David Cuthbertson, aliyekuwa akichunguza mkojo wa watu waliovunjika miguu. Alikuta naitrojeni, mabaki ya protini iliyobomolewa, nyingi mno, nyingi kuliko ambavyo ingeweza kutoka kwenye eneo lililoumia peke yake. Mfupa ulivunjika mahali pamoja, lakini mwili mzima ulikuwa unalipa. Na mwaka 1936 daktari wa upasuaji wa Cleveland, Hiram Studley, alihesabu wagonjwa wake wa vidonda vya tumbo: waliopungua moja ya tano ya uzito wao kabla ya kupasuliwa, mmoja kati ya watatu alifariki. Kwa waliopungua chini ya hapo, vifo havikufika 4 kati ya 100. Namba hizo nilizisoma baadaye nikiwa nyumbani, na nashukuru sikuzijua nikiwa kitandani.

Nilimuuliza yule mtaalamu nitafikaje 90 wakati vijiko sita vinanishinda. Jibu lake lilibadilisha jiko letu. Sahani isiongezwe ukubwa, akasema, kiongezwe kilichomo. Na saa ya ukutani ndiyo iamue, njaa isiulizwe.

Tulianza na uji, maana ndio pekee niliouvumilia. Dada akaacha kuupika kwa maji, akaupika kwa maziwa. Kikombe cha maziwa ni gramu 8 za protini, na maziwa ya unga vijiko viwili vilivyojaa yanaongeza kama 5. Kijiko kikubwa cha siagi ya karanga kikiyeyushwa humo kinaleta nyingine 3 au 4, na nguvu nyingi juu yake, kwa sababu mwili ukikosa nguvu huichoma hata hiyo protini kama kuni. Kikombe kilekile, vijiko vilevile, lakini badala ya gramu 2 nilikuwa nabeba zaidi ya 15. Supu tukaacha kuichuja. Kuchuja supu ni kumpa mgonjwa harufu ya kuku na kumtupia paka kuku mwenyewe. Dada alisaga nyama ndani yake mpaka ikawa nzito, akapasua yai, akalikoroga na kuliacha lichemke mpaka liive kabisa. Yai moja ni gramu 6. Gramu 100 za kuku aliyeiva zinakaribia 30. Kikombe cha maharage yaliyoiva ni kama 15, ingawa hayo tuliyaacha yasubiri wiki nyingine mbili, maana gesi ndani ya tumbo lenye mshono ni mateso ambayo sitayaeleza.

Karatasi ya miiko haikurudi ukutani. Dada aliikunja, akaiweka kwenye mkoba wake. Naamini anayo hadi leo.

Nilikula mara sita kwa siku: saa moja, saa nne, saa saba, saa kumi, saa moja jioni, na kitu kidogo kabla ya kulala. Kila mara kidogo. Maji nilikunywa katikati ya milo, si pamoja nayo, ili yasije yakajaza nafasi. Dawa ya maumivu nilimeza nusu saa kabla ya kukaa mezani. Nilimuuliza kwanza mfamasia, kwa sababu ziko dawa za maumivu ambazo hazitakiwi kuingia kwenye tumbo tupu. Mtu mwenye maumivu hawezi kula. Nilikuwa nimeishi wiki mbili najilazimisha kula katika saa ambayo dawa imeisha nguvu, kisha namlaumu mpishi.

Ladha nayo ilikuwa imeharibika. Nilikuwa natumia metronidazoli, dawa ya kuua vijidudu, kwa ajili ya ule usaha, na dawa hiyo hukuachia mdomo kama uliyelamba ufunguo. Nyama iliyotoka jikoni ikiwa ya moto ilinichefua, ileile ikipoa niliiweza. Chakula kilichopoa kina harufu kidogo. Limau lilisaidia, tangawizi kidogo ilisaidia, na kusukutua mdomo kabla ya kula kulisaidia kuliko vyote viwili. Siku nne baada ya kumaliza dozi, ladha ilirudi kwa mpigo, nikiwa natafuna kipande cha mkate mkavu, na nikala vitatu.

Nifike sehemu ambayo watu huinong'ona. Dawa za jamii ya mofini hutuliza maumivu, na palepale hulaza utumbo, kwa sababu utumbo nao una milango ileile ambayo dawa hizo hubisha hodi. Ongeza kulala kitandani, kunywa maji kidogo na kula uji tu, na unapata choo kigumu ambacho mtu mwenye nyuzi tumboni hathubutu kukisukuma. Nilikaa siku sita. Siku ya sita nililia chooni, mtu mzima mwenye ndevu. Kilichonitoa hapo hakikuwa kimoja: maji ya kutosha, matunda yenye nyama zake badala ya maji yake, kutembea uani kila baada ya mlo hata kama ni mizunguko mitatu, kupunguza zile dawa kali mara tu nilipoweza kuvumilia za kawaida, na dawa ya kulainisha choo ambayo nilipaswa kuianza siku ileile nilipoanza ile ya maumivu. Hili la mwisho hakuna aliyeniambia. Ukiandikiwa dawa kali ya maumivu, uliza papo hapo kuhusu choo, hata kama nyuma yako kuna foleni inayosikia.

Vidonge vya madini ya chuma, nilivyopewa kwa damu iliyopungua, viligeuza choo kikawa cheusi, nikaamini navuja ndani. Ni rangi ya chuma tu. Cheusi cha kutisha ni kile kinachonata kama lami na chenye harufu mbaya ya ajabu. Nilikuwa pia navimeza kwa chai, na chai huzuia chuma kisifyonzwe. Nikahamia kwenye maji ya machungwa, ambayo hufanya kinyume chake.

Kuhusu machungwa, kuna kisa ambacho nimekipenda kupita kiasi. Mwaka 1939 daktari kijana wa upasuaji huko Boston, John Crandon, aliamua kujifanyia jaribio mwilini mwake. Aliacha matunda na mboga, akaishi miezi bila vitamini C. Baada ya miezi mitatu walimchana mgongoni, jeraha likapona vizuri kama la mtu yeyote. Akaendelea. Karibu na mwezi wa sita wakamchana tena, na baada ya siku 10 walipofungua kutazama, chini ya ngozi hapakuwa na dalili ya kupona. Wakampa vitamini C kwa sindano, na jeraha likafunga. Sababu ni kwamba uzi wenyewe ambao mwili hutumia kujishona, kolajeni, hausokotwi ukashika bila vitamini hiyo. Tena kovu si kitu kilichokufa. Mwili huendelea kulibomoa na kulisuka upya kwa miaka. Mabaharia wa Uingereza waliomfuata George Anson kuizunguka dunia kati ya 1740 na 1744 walipougua kiseyeye, ugonjwa wa kukosa vitamini C, mmoja wao makovu yake ya vita vya miaka 50 nyuma yalifunguka upya.

Nilipokisoma hicho nikanyanyua fulana na kulitazama kovu langu kwa heshima mpya. Baada ya wiki tatu jeraha huwa na kama asilimia 20 tu ya nguvu ya ngozi ya awali. Baada ya miezi mitatu hufika kama 80, na hapo ndipo linapoishia. Huku nje nyuzi zimeshatolewa, watu wanakuambia umepona, unaanza kubeba ndoo. Ndani, mafundi bado wako kazini na wanataka vifaa. Ndiyo sababu mtaalamu wa lishe hakuniruhusu kuacha hesabu siku nyuzi zilipotoka. Wala hakunitaka ninunue vidonge vya vitamini kwa wingi. Kwa mtu asiye na upungufu, alisema, machungwa na mboga vinatosha, na pesa iende kwenye mayai.

Kwa wiki tatu nilikula bila njaa. Kula bila njaa kunachosha kuliko watu wanavyodhani. Dada alikuwa akiweka bakuli mezani bila kusema kitu, anatazama saa, anatoka. Alijua akikaa nitamwomba anipunguzie. Siku mbili nilimkasirikia waziwazi. Siku moja nilimwaga uji kwenye sinki na kusugua bakuli ili asijue, na alijua, kwa sababu tangu niugue sikuwa nimewahi kuosha chombo.

Mizani ikasimama 62. Wiki iliyofuata, 62. Kisha 62.5, na nikamwita Dada aje aone, kana kwamba nusu kilo inaonekana kwa macho.

Wiki ya sita, usiku, niliamka ghafla nikidhani maumivu yamerudi. Nikajipapasa tumbo. Hapakuwa na homa wala uvimbe, mshono ulikuwa mkavu. Ilinichukua muda kutambua kile kitu kinachonikwangua ndani. Nikaenda jikoni bila kuwasha taa, nikafunua sufuria ya maharage ya jioni, nikala kwa mwiko, yamepoa, nimesimama. Mfuniko ukaniponyoka ukagonga sakafu.

Mlango wa chumba cha Dada ukafunguka. "Nani huko?"

"Mimi."

"Unafanya nini?"

Mdomo ulikuwa umejaa, sikuweza kujibu. Akasimama mlangoni akinisikiliza nikitafuna, kisha akasema, "Mkate uko kabatini, rafu ya juu," akarudi kulala.